Igizo la Mangi Meli: masimulizi matatu, tufuate lipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Moshi. Klabu yetu inaandaa igizo kuhusu Mangi (yaani mtawala wa Kichagga) Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Wanafunzi wamewahoji wazee wa Old Moshi, Kibosho na Marangu, na masimulizi yanagongana. Mwalimu mwenzangu anasema ngoma, nyimbo na maigizo ni burudani, si historia, hivyo tufuate kitabu basi. Na juzi mzee mmoja wa Marangu alikuja kutazama mazoezi, akanyanyuka na kuondoka kwa hasira kabla hatujamaliza. Tuendelee au tuache? Tukiendelea, tumfuate nani?

JIBU: Endeleeni, mwalimu. Ila acheni kutafuta simulizi moja la kufuata. Hayo matatu mliyoyakusanya ndiyo mali yenu, na mkiyachanganya mpaka yakatoka moja, mtakuwa mmetupa kile ambacho kitabu hakiwezi kuwapa. Nitaeleza kwa nini, kisha nitakuja kwa mzee wa Marangu, maana kazi kubwa iliyobaki iko kwake.

Kwanza mwenzako. Mwulize hicho kitabu anachotaka kukifuata kilipata wapi habari zake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Wachagga wa zamani yaliandikwa kutoka vinywani mwa watu waliokuwa wakiyasema, wakiyaimba na kuyacheza. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Kidia, Old Moshi, kwa miongo kadhaa, alitoa vitabu vitatu vinene vya mafundisho ya vijana wa Kichagga. Hakuyakuta mafundisho hayo kwenye karatasi. Aliyapata kwa wazee, na wazee nao walikuwa na namna yao ya kuyatunza, ambayo nakuomba uwaeleze wanafunzi wako taratibu kabisa.

Ilikuwa fimbo, iliyoitwa mregho. Imechongwa alama kuanzia ncha moja kuelekea nyingine, mikato na michoro midogo, kila moja na umbo lake. Mkufunzi anaishika mbele ya vijana, anaweka kidole kwenye alama ya kwanza, anatoa maneno ya alama ile kwa wimbo, vijana wanaitikia, kidole kinashuka kwenye alama ya pili. Kidole kikifika mwisho, somo limefika mwisho. Mtu ambaye hajafundishwa akiiokota, ataona fimbo yenye mapambo tu. Anayejua anaona mpangilio mzima wa mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuyasahau, na mbele ya waliokwisha kufundishwa si rahisi kuruka alama.

Waluba wa Kongo wana chombo cha jamii hiyohiyo kinachoitwa lukasa: ubao wa kushika mkononi, umepigiliwa shanga na simbi, na wajuzi wa chama cha Mbudye huupapasa kwa vidole huku wakisimulia habari za wafalme na safari za koo. Wataalamu waliokaa nao waliona jambo ambalo linatuhusu sana. Shanga zinakaa palepale, lakini maneno hubadilika kufuatana na nani ameketi mbele ya msimulizi na shughuli gani imewakutanisha. Kuna vigingi na kuna kamba. Vigingi havihami. Kamba inayopita kati yake inaweza kufungwa namna nyingi.

Hivyo ndivyo jamii nyingi zinavyokumbuka kwa sanaa, na mtu anayedai kwamba simulizi likibadilika basi ni la uongo hajaangalia vigingi. Watunzi wa pwani wangemjibu mwenzako vizuri kuliko mimi. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi mzima juu ya vita vya Wajerumani na watu wa Mrima vya mwaka 1888 na 1889, na hadi leo hakuna mwanahistoria makini wa vita hivyo, viitwavyo vita vya Abushiri, anayeweza kuupita. Ni ushairi wenye mizani na vina, na ni ushahidi vilevile. Hata taifa letu lina tambiko lake la kumbukumbu: usiku wa kuamkia Uhuru mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge juu ya huu Mlima Kilimanjaro mnaouona kila asubuhi, na tangu enzi hizo tunaukimbiza mwenge nchi nzima. Kukimbiza moto si kuandika kitabu. Lakini mwulize mtoto yeyote wa darasa la tano Uhuru ni nini, uone kama hatakutajia mwenge.

Sasa tuje kwenu. Vigingi vya igizo lenu ni hivi. Mangi Rindi wa Moshi, baba yake Meli, alifariki mwaka 1891. Juni 1892 jeshi la Meli lilikishinda kikosi cha Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi chini ya von Schele, wakaishinda Moshi. Tarehe 2 Machi 1900, pale Tsudunyi, Old Moshi, Meli alinyongwa pamoja na wengine, jumla watu 19. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha, pamoja na viongozi kutoka Meru na Arusha. Hayo msiyaguse. Mwanafunzi akitaka kuongeza vita ambavyo havikuwapo ili onyesho linoge, mkatazeni.

Kati ya vigingi hivyo ndipo wazee wanapogongana, na hapa naomba usome tena madaftari ya wanafunzi wako kwa jicho lingine. Usiangalie kwanza wanachokubaliana na wanachobishania. Angalia kila mzee ANAANZIA WAPI.

Nimewasikiliza wazee wa umangi wote watatu kwa miaka mingi, na tofauti kubwa huwa iko kwenye mwanzo kuliko kwenye mwisho. Mzee wa Old Moshi mara nyingi ataanza na ushindi wa 1892: tuliwapiga, wakarudi, wakatushinda, wakaweka kinyongo, wakamnyonga kijana wetu. Kwake 1900 ni kisasi. Mzee wa Kibosho ataanza nyuma kidogo, mwaka 1891, Wajerumani chini ya Wissmann walipoivamia Kibosho ya Mangi Sina huku Rindi wa Moshi akiwa upande wao. Kwake, mkono uliowanyonga wote wawili, Meli na Molelia, ni uleule ambao Moshi yenyewe ilikuwa imeukaribisha. Mzee wa Marangu ataanzia 1889, Mangi Marealle alipompokea Hans Meyer, mpanda mlima wa Kijerumani, ambaye tarehe 6 Oktoba mwaka huo alifika kilele cha Kibo. Marangu ikawa mlango wa mlima, na mpaka leo ni mlango. Kwake, Marealle ni kiongozi aliyesoma nyakati akawaepusha watu wake na moto.

Unaona? Hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja amechagua mwaka wa kuanzia, na ule mwaka ndio unaoamua nani atakuwa shujaa, nani msaliti, na nani hatatajwa kabisa. Kitabu nacho kina mwaka wake wa kuanzia. Kama mwenzako anataka wanafunzi wajifunze kazi ya mwanahistoria, hili ndilo somo, na sijaona njia nzuri ya kulionyesha kuliko jukwaa.

Kwa hiyo ushauri wangu: wekeni wasimulizi watatu. Kila mmoja aanze kwake, mwaka wake, na kwa lugha yake. Wa Old Moshi aseme maneno ya kwanza kwa Kimochi, wa Kibosho kwa Kikibosho, wa Marangu kwa Kivunjo, kisha waingie kwenye Kiswahili. Najua wanafunzi wengi wa mjini hawazijui lugha hizo tena. Waende wakafundishwe hizo sentensi chache na mzee mwenyewe, na kila mmoja aseme kama alivyosemewa, pamoja na pale mzee anaponyamaza. Wasimulizi hawa wasisikilizane mpaka wafike Tsudunyi. Pale wakutane, maana pale ndipo kigingi kilipo, na kila mmoja akute kwamba wafu wake wamelala na wafu wa mwenzake.

Mti aliponyongewa Meli mnaujua. Kama wanafunzi hawajafika, wapeleke kabla ya zoezi lingine lolote. Ni mgunga, na kando yake kuna sanamu ya Meli, ila mzee akikusimulia pale hashughuliki na sanamu. Anakuonyesha tawi. Anakusogeza hatua mbili ili usimame mahali fulani, anakuambia watu walikuwa upande gani, anageuka kuangalia mlima, ndipo anaanza kusema. Nusu ya simulizi iko kwenye miguu. Mkiigiza jambo hili ukumbini bila kujua nani alisimama wapi, mtabaki na maneno ambayo yangeweza kusemwa popote.

Wazee wa Old Moshi husimulia pia kwamba Meli alikaa kwenye kamba kwa muda wa karibu saa saba kabla ya kukata roho. Mwenzako atataka mlifute. Msilifute, lakini msiliweke kama taarifa ya daktari. Msimulizi aseme wazi: "Kwetu tunasimuliwa kuwa zilikuwa saa saba." Nimelifikiria sana simulizi hili, na naamini zile saa saba zinapima jambo ambalo hakuna afisa wa Kijerumani aliyeliandika, yaani muda ambao watu walisimama wakitazama. Wajukuu wameupokea urefu huo kutoka kwa bibi zao. Ni ushahidi wa maumivu ya waliobaki, na una haki ya kusikika kwa jina lake halisi.

Kuhusu viongozi wa Meru na Arusha, nasikitika kwamba karibu kila igizo la Meli nililowahi kuliona linawasahau. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilometa 80 tu. Waarusha na Wameru walikuwa na sababu zao za kuwa pale: mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa kwenye miteremko ya Mlima Meru, na kilichofuata ni adhabu ya kijeshi, mifugo kuporwa na nyumba kuchomwa. Baadaye watu haohao walilazimishwa kujenga Boma la Arusha, jengo ambalo leo ni makumbusho na ambalo wanafunzi wako wanaweza kuligusa kuta zake. Waarusha, kama ndugu zao Wamasai, hupanga kumbukumbu kwa rika. Hawasemi "mwaka fulani", wanasema vita vile vilikuwa vya rika la Talala, na ukishajua marika yanavyofuatana unajua ni lini. Na nyimbo zao zina kiongozi, olaranyani, anayetoa mstari, kisha kundi linaupokea. Kundi lisipopokea, wimbo haupo. Huo nao ni mfumo wa kuhakiki habari: mtu mmoja hawezi kusimama peke yake akabadilisha jambo ambalo wenzake wa rika wanalijua. Tafuteni msimulizi wa nne, hata kwa dakika tatu.

Mavazi nayaongelea kwa kifupi. Msiwavishe askari wa Meli shuka nyekundu na shanga za kununua pale kwenye maduka ya watalii. Shuka hizo za kiwandani zilienea baadaye sana, na Mchagga wa 1892 hakuvaa kama mcheza ngoma wa hoteli ya Arusha. Sina ugomvi na vijana wanaowachezea wageni hotelini, maana wanakula kwa jasho lao na miili yao inabaki inajua hatua ambazo bila wao zingekwisha potea. Lakini ngoma ile imenyooshwa ili mgeni yeyote aielewe kwa robo saa, na ninyi mnataka kinyume cha hapo. Kama hamna uhakika wa vazi, vaeni sare ya shule na kipande kimoja cha kaniki. Watazamaji watawaelewa.

Kunyongwa kwenyewe msikuigize. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Msimfunge mtoto kamba shingoni, hata ya kuigiza, hata kama ukumbi mzima utapiga makofi. Watakaoketi pale mbele huenda ni wajukuu na vitukuu wa wale 19. Badala yake, wimbo ukome katikati, halafu wasimulizi wataje majina wanayoyajua, jina moja moja, na baada ya kila jina kundi liitikie. Kwa wale ambao majina yao hamkuyapata, kundi liitikie vilevile, kwa idadi, mpaka 19 itimie. Wanafunzi watahesabu wenyewe, na ukumbi utahesabu pamoja nao.

Na mwisho wa igizo msiweke mazishi. Inaaminika kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na familia imekitafuta kwa miongo mingi. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin inayotunza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba ulikuwa umepata ndugu walio hai wa baadhi ya marehemu hao hapa kwetu, akiwamo mtu aliyejulikana kwa jina la Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikutambuliwa katika uchunguzi ule. Miezi miwili baadaye Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Kwa Mchagga, ambaye wafu wake hulala kihambani kwake, shambani mwa ukoo, na ndugu hurudi kila Desemba kuwaona, mtu aliyezikwa bila kichwa bado hajafika nyumbani. Mkifunga igizo kwa kaburi na wimbo wa faraja, mtakuwa mmewaambia watu jambo ambalo halijatokea.

Sasa mzee wa Marangu. Nadhani unajua alichokiona. Masimulizi ya Old Moshi, na baadhi ya wanahistoria walioyafuata, humtaja Mangi Marealle kuwa ndiye aliyewatia Wajerumani hofu kwamba Meli na wenzake wanapanga njama. Kama jukwaani kwenu kuna kijana mwenye sauti ya hila anayenong'ona sikioni mwa afisa wa Kijerumani, mzee ameona babu zake wanahukumiwa na watoto. Sikuambii uifute tuhuma hiyo. Ni sehemu ya kumbukumbu ya Old Moshi na ina uzito. Nakuambia isemwe na msimulizi wa Old Moshi, kwa kinywa chake, kama jambo ambalo kwao linasimuliwa, na msimulizi wa Marangu awe amesimama palepale na nafasi ya kujibu. Kuigiza tuhuma kama tukio ambalo watazamaji wameliona kwa macho ni kutoa hukumu. Hiyo siyo kazi ya klabu ya historia, na darasani kwako bila shaka wamo watoto wa Marangu.

Nenda kwake. Usimwite shuleni, wewe ndiye wa kwenda. Tafuta kwanza mtu wa ukoo wake akutangulie, chukua mbege, ile pombe ya ndizi, na beba sale, jani ambalo Wachagga hulitumia kuombea radhi na amani. Hili la sale usilifanye kama pambo: waulize wazee wa Marangu likabidhiwe vipi na lisemwe nini, kwa sababu mtu akiletewa sale kwa njia sahihi ni vigumu sana kwake kukataa kuzungumza, na ndiyo maana halichezewi. Kwa sababu hiyohiyo, kama kuna sale kwenye jukwaa lenu, liondoeni mpaka mpate ruhusa. Nenda na wanafunzi wawili au watatu, si darasa zima. Wamwamkie, wakae chini, wasitoe daftari mpaka aruhusu. Kisha mwombe jambo moja tu: asimulie kuanzia anapotaka kuanzia yeye. Akianzia mwaka 1889, mwacheni. Akianzia kwa babu yake Marealle na barabara na mashamba, mwacheni. Hayo atakayoyasema ndiyo maneno ya msimulizi wenu wa tatu, ambayo nahisi kwa sasa yameandikwa na mtu wa Old Moshi.

Akikataa kabisa, basi nafasi ya msimulizi wa Marangu ibaki jukwaani ikiwa na mtu aliyesimama kimya, na mwanzoni mwa onyesho mtangazaji aseme kwamba mzee wa upande huu hakuwa tayari kusema. Ni bora kuliko kumtungia.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, na walimu wengi hulipuuza. Rekodini kila mahojiano kwa simu, kwa idhini ya mzee, na mwanzoni mwa kila rekodi mwanafunzi ataje tarehe, kijiji, jina la mzee kama ameridhia litajwe, na nani alimsimulia yeye: baba, bibi, au jirani. Hiyo ya nani alimsimulia ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha habari imepita kwenye mikono mingapi tangu 1900. Toeni nakala tatu: moja ibaki shuleni, moja mumpelekee mzee mwenyewe au wanawe, moja ikae mahali pengine penye usalama, nje ya shule, maana simu huibiwa na kompyuta za shule huharibika. Na msihariri rekodi ili zikubaliane na igizo. Mwakani klabu itakuwa na wanafunzi wengine, na huenda wakataka kuanzia mwaka mwingine kabisa.